Kibua Ndani ya Pasi

Mimi ni mpiga pasi na mke wangu ni dobi. Wapo wanaosema hiyo ni kazi moja, lakini wakisema hivyo mbele yake watajuta. Yeye ndiye anayepokea nguo, anayefua, anayekagua kola kwenye mwanga na anayezungumza na wateja. Mimi nanyoosha tu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bosi, na mimi mwenyewe nikipitiwa nikamwita kwa jina lake, anageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine chumbani.

Tunaishi ndani ya kazi. Sebuleni kuna makoti ya watu, koridoni kuna magauni ya watu, na ukiamka asubuhi ukafungua mlango wa chumba chetu unakutana uso kwa uso na suruali za mwalimu mkuu. Kwa hiyo Bosi alipiga marufuku samaki. Si wa kukaanga peke yake. Mbichi, mkavu, wa kopo, hata wa kuzungumziwa karibu na nguo nyeupe. Zamani, tulipokuwa ndio tunaanza, bwana harusi mmoja aliturudishia suti yake kwa sababu ilinukia chakula chetu cha mchana, akaenda kuoa na shati tupu. Tangu siku hiyo geti letu halikupitisha hata mwiba. Isitoshe, Bosi mwenyewe samaki hampendi. Akisikia harufu yake anakunja uso kama mtu aliyeuma ndimu.

Mimi nampenda. Naomba hilo lieleweke mapema. Nimeishi na mwanamke ninayempenda bila chakula ninachokipenda, na sijalalamika, au tuseme sijalalamika kwa sauti.

Kisha mwanetu akaoa. Yeye ndiye anayewapelekea wateja nguo zao kwa baiskeli, na mkewe ni fundi wa sindano: vifungo, zipu, pindo zilizofumuka. Alipoingia nyumbani, Bosi alimpa kona ya dirishani na kiti kizuri kuliko changu. Ni binti mpole, mcheshi ukishamzoea, ila heshima yake kwa Bosi ilikuwa imevuka mpaka. Angeweza kukaa na kiu mchana kutwa kwa sababu tu Bosi amesimama kwenye njia ya jikoni.

Aliposhika mimba, Bosi alichanganyikiwa kwa furaha. Akawa anaimba kwenye beseni. Akamkataza kuinua hata kikapu cha vibanio, akampikia mayai, maini, maharage, mboga za majani, na kila sahani akaisimamia kama askari. Tatizo ni kwamba sahani zilirudi jikoni zikiwa nusu. Nyama ilimchefua binti wa watu, mayai yalimtapisha, na badala ya kunenepa akawa anakonda mashavu.

Siku moja alirudi kutoka kliniki, akaketi kwenye kona yake na kuchukua sindano.

"Mkunga amesemaje?" Bosi akauliza kabla hata hajavua viatu.

"Amesema nipumzike, nisikose vidonge vya kuongeza damu, na nile vizuri."

"Kula vizuri ndiyo kula nini? Hakutaja chakula?"

Akainamia kifungo. "Chakula cha kawaida tu, mama."

Nilisimamisha pasi hewani. Nimekaa na Bosi muda mrefu, kwa hiyo nawajua watu wanaoficha kitu mbele yake. Huwa wanashona harakaharaka.

Baada ya siku chache nilitoka uani kuanua mashuka. Ua wetu una kamba nyingi, na mashuka yakishaanikwa yote unaweza kupotea mle kama uko kwenye nyumba ya vyumba vingi. Pua yangu ndiyo iliyotangulia. Nilisimama, nikavuta hewa tena, nikadhani ni tamaa tu inanichezea. Nikasogeza shuka la pili, nikamkuta mke wa mwanangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijiko mkononi, kopo la sadini magotini.

Akaruka kusimama. "Baba, nisamehe."

"Msamaha baadaye. Zimebaki?"

Akacheka. Halafu, kicheko kikiwa bado mdomoni, machozi yakaanza kumtoka, na nikajua hapo kuna jambo. Nikamketisha tena juu ya ndoo. Akaniambia Mkunga alimpima tumbo kwa utepe na uso wake haukupendezwa. Mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa mazuri, lakini mtoto alikuwa anakua polepole kuliko alivyotakiwa. Alimwambia aongeze chakula, na kati ya vyote akamsisitizia samaki wa mafuta, wale wadogo kama sadini na vibua, mara mbili kwa wiki. Mafuta yao yanajenga ubongo na macho ya mtoto, na yanaweza kusaidia asizaliwe kabla ya wakati. Na maajabu ni kwamba katika vyakula vyote vya dunia hii, samaki ndiye peke yake ambaye tumbo la yule binti lilimpokea bila ugomvi.

"Sasa kwa nini hukumwambia mama?"

"Baba, hii ndiyo kazi yake. Mimi nimekuja juzi tu. Nimwambie avunje sheria ya nyumba yake kwa ajili ya tumbo langu?" Akafunga kopo kwa kiganja. "Nimeshampigia simu mama yangu. Mwezi ukiisha nitaomba ruhusa niende kwetu mpaka nijifungue. Kule samaki ni chakula cha kila siku."

Kwao ni mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Nilimwona Bosi akilini, anaimba mbele ya beseni bila kujua. Mtoto angezaliwa huko, na sisi tungemjua kwa picha za simu. Nilikuwa nimesimama juani lakini nilisikia baridi kifuani.

"Usiende," nikasema. "Samaki utamla hapahapa."

"Na Bosi je?"

"Bosi niachie mimi."

Hakuna mtu aliyewahi kuachiwa Bosi akafaulu, na sote wawili tulilijua hilo. Lakini alikubali, labda kwa kunionea huruma.

Basi tukawa wezi. Mwanangu alileta mzigo kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, chini kabisa ya kikapu cha baiskeli. Mkewe alikula nyuma ya mashuka, mimi nikasimama zamu, na kwa kazi yangu hiyo ngumu nikalipwa mikia na vichwa. Baadaye tulinawa kwa ndimu, tukatafuna tangawizi, tukarudi kazini na nyuso za watu wa kanisani.

Bosi hakuona kitu, lakini alinusa. Alizunguka nyumba nzima pua ikiwa juu. Akafua mashuka yaleyale mara ya pili. Akanusa bomba la maji machafu, akanusa viatu vya mwanangu, mwisho akaninusa mimi.

"Umekula nini?"

"Tangawizi."

"Tangu lini wewe unatafuna tangawizi?"

"Nazeeka, mke wangu."

Akaniangalia, akasema kuna paka amezalia mahali humu ndani na siku akimkamata watajuana. Mimi nikamsaidia kumtafuta paka hadi chini ya kitanda. Mke wa mwanangu alilazimika kuziba mdomo kwa pindo la gauni la mteja.

Na mashavu yake yakarudi! Hiyo ndiyo iliyonipa kiburi. Chakula kingine nacho kikaanza kukaa tumboni, sahani za Bosi zikarudi jikoni zikiwa safi, na Bosi akajisifu kwamba siri ni maini. Kliniki iliyofuata, binti alipita karibu na meza yangu akaninong'oneza, "Utepe umesogea, baba. Mkunga amefurahi." Nusura niunguze kola ya mtu.

Kiburi hicho ndicho kilichotuponza. Ilikuwa siku ya umeme kukatika, nami nikaitoa pasi yangu ya zamani, ile ya mkaa. Ni pasi nzito, ya chuma, tumbo lake linafunguka na kumeza makaa, na pembeni ina matundu ya kupumulia. Bosi alikuwa ametoka kwenda kuchagua sabuni. Mwanangu akaingia na kibua mmoja mbichi, ameshasafishwa, amepakwa ndimu, amefungwa kwenye foili, ile karatasi ya fedha ya jikoni. Swali likawa tutampika wapi. Jikoni haiwezekani, mapazia yangetusaliti.

Nikamwangalia samaki. Nikaiangalia pasi. Makaa yalikuwa mekundu, yametulia, yanapendeza. Kwa mtu mwingine ile ni pasi, lakini kwangu mimi siku ile lilikuwa jiko lenye mfuniko. Nikafungua, nikamlaza kibua juu ya makaa, nikafunga. Halafu, kwa kuwa sipendi kupoteza muda, nikaendelea kupiga pasi.

"Baba, kuna moshi," mke wa mwanangu akasema.

"Ni mvuke."

"Mvuke wa bluu?"

"Wewe shona."

Samaki yule aliiva mpaka nyama yenyewe ikawa inauachia mfupa. Yeye alikula kifua na mgongo, mimi nikapata kichwa na mkia, na nawaambia wazi kwamba sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Tukafungua madirisha, tukapunga hewa kwa mito, na Bosi aliporudi akakuta nguo zimekunjwa vizuri mezani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria zilikuwa nguo za nani.

Zilikuwa sare nyeupe za Mkunga.

Alikuja mwenyewe baada ya siku mbili, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ameibeba sare moja kwa ncha za vidole.

"Bosi," akasema, "leo nimezalisha asubuhi yote, na wodi nzima imeshikwa na njaa."

Bosi aliichukua ile sare akaipeleka puani. Niliona rangi ikimtoka usoni. "Hii haikutoka kwangu," akasema taratibu. "Hii haiwezi kutoka kwangu."

Hapo Mkunga akamwona mke wa mwanangu dirishani, na tumbo lake, na mashavu yake, akapasuka kicheko. "Aaah! Kumbe ushauri wangu mnaufuata mpaka kwenye nguo! Vizuri sana. Endeleeni."

"Ushauri gani?"

"Wa samaki. Si nilimwambia ale samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki? Mtoto alikuwa amezubaa kukua, sasa angalia..." Akatuangalia mmoja mmoja. Mkunga ni mtu anayeingia vyumba vya watu kila siku, anajua chumba kikibadilika. "Hakukwambia?"

Bosi alimtazama mkwewe, akanitazama mimi, akaitazama pasi ya mkaa juu ya rafu. Akaishusha, akaifungua tumbo. Ndani kulikuwa na majivu, kipande cha karatasi ya fedha, na mwiba mmoja mrefu umelala vizuri.

"Paka," akasema.

Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Lakini mimi nikiogopa huongea. "Mke wangu, ni mimi. Binti alitaka kwenda kwao kujifungulia huko, nikasema hapana, nikaona bora..."

"Kwenda kwao?"

Bosi aliketi juu ya rundo la nguo chafu. Tangu tufunge ndoa sijawahi kumwona ameketi mchana wa kazi, sembuse juu ya nguo za watu. "Ulitaka kunikimbia?" akamuuliza mkwewe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Si wewe, mama. Ni sheria tu. Nguo ndiyo kazi yako."

"Na ulidhani nikiambiwa nichague, ningechagua nguo?"

Binti aliinamia kifungo chake. Hilo lilimuuma Bosi kuliko jibu lolote. Akanigeukia mimi. "Mimi natisha kiasi hicho?"

Ningeweza kumdanganya, lakini nilikuwa nimechoka kutafuna tangawizi. "Ndiyo, mke wangu," nikasema. "Kiasi."

Mkunga alipata kitu cha kuangalia kwenye dari. Bosi akainuka, akajifuta macho kwa aproni, akachukua kikapu na kutoka. Mkunga alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza ni samaki gani wa kununua na gani wa kuacha, lakini Bosi si mtu wa kusikiliza maelezo akishaamua. Alirudi anahema, kikapuni kuna pande la papa kubwa kama mto wa kulalia, na harufu yake imemfanya apauke kwa kichefuchefu.

"Haya," akasema. "Ale."

Ikabidi nimweleze. Mkunga alisema samaki wakubwa wawindaji kama papa mjamzito awaepuke, maana hukusanya zebaki mwilini, na zebaki si nzuri kwa mtoto aliye tumboni. Hawa wadogo ndio salama.

"Kwa hiyo huyu hamfai?"

"Yeye hamfai."

"Sasa nani atamla wote huyu?"

Niliangalia chini kwa unyenyekevu mkubwa.

Kuanzia wiki ile sheria ya nyumba ikapinduliwa. Jumanne na Ijumaa zikawa siku za samaki. Siku hizo hakuna kuanika wala kupiga pasi, nguo zote zinafungwa kwenye mifuko ya plastiki na kuhamishiwa vyumbani, na Bosi anawasha jiko mwisho kabisa wa ua. Anapika mwenyewe, hataki msaada. Anajifunga kitambaa puani, anashika mwiko mrefu kwa mkono ulionyooka kama anapigana na nyoka, macho yanamchuruzika maji. Hawezi kuonja, kwa hiyo chumvi ni bahati nasibu. Hawezi kusogea karibu, kwa hiyo samaki anaungua.

Mke wa mwanangu alikuwa anaketi juu ya ndoo yake, safari hii hadharani, akimwelekeza.

"Unamgeuza sasa, mama?" binti akauliza.

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe. Nigeuze?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado kidogo."

"Sasa?"

"Ameshaungua, mama."

Wakacheka mpaka Bosi akashika mbavu na kitambaa kikamdondoka. Nilikuwa mlangoni, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia anacheka siku ya kazi. Binti alimaliza sahani ile akalamba vidole. Mimi niliyekula cha kwangu nikatafuta maji.

Wateja wengine walinung'unika. Mmoja, mwenye makoti mengi, alisimama getini akasema hawezi kumpelekea nguo dobi anayekaanga samaki. Bosi alimpa makoti yake yote, yamekunjwa vizuri, akamtazama anavyoondoka. Nilisubiri alie au anitukane. Akasema, "Ngoja nikamgeuze yule," akarudi uani.

Mtoto alikuja kwa wakati wake, asubuhi yenye jua, siku nzuri ya kuanika. Tulifunga kazi, tukaenda wote hospitali, tukakaa kwenye benchi la koridoni tukiwa tumebanana. Mwanangu alikuwa anasimama na kukaa, anasimama na kukaa, hadi mama yake akamshika mkanda. Halafu tukasikia kilio. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyezubaa. Kilikuwa cha mtu mwenye malalamiko na nguvu za kuyaeleza.

Mkunga akatoka anatabasamu. Ni msichana, akasema, na mama yake hajambo, na uzito wa mtoto ni mzuri sana. Mwanangu akamkumbatia Mkunga, akanikumbatia mimi, akamkumbatia na mfagiaji aliyekuwa anapita. Nikamuuliza Mkunga kama ni samaki.

"Ni samaki, ni vidonge, ni kupumzika, ni kuja kliniki bila kukosa," akasema. "Na asiache hao samaki wakati ananyonyesha."

Bosi alimpokea mjukuu wake. Alimshika tu, akimwangalia kwenye mwanga wa dirisha kama anavyokagua kola.

Tulikuwa bado tumemzunguka mzazi kitandani pale mlango ulipofunguliwa akaingia mama yake mzazi, moja kwa moja kutoka kwenye basi, begi begani na blanketi jipya mkononi. Binti alikuwa amemwambia tu kwamba safari imeahirishwa mpaka ajifungue, na katika yale yote hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba mipango imebadilika kabisa; naye akahesabu siku, akapanda basi. Akambusu binti yake, akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema, "Mwanangu, nimekuja kuwachukua. Mkiruhusiwa tu, twende nyumbani ukapumzike. Chumba nimeshakitengeneza."

 Bosi alimtazama mtoto kwa mara nyingine, kisha akanyoosha mikono akamkabidhi yule bibi mwenzake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Ni haki yake," akasema. "Mtu na mama yake."

Halafu akaanza kunyoosha shuka la kitanda ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja. Mimi nayajua mashuka, na nilishindwa kumtazama.

"Mama," mke wa mwanangu akamwambia mama yake mzazi kutoka kwenye mto, "kesho ni Ijumaa. Ni siku yetu ya samaki."

"Kwetu samaki ni kila siku, mwanangu. Nitakupikia mpaka useme basi."

"Najua. Na wa kwako ni mtamu." Akapumzika kidogo, maana alikuwa amechoka kweli. "Wa huku hana chumvi, na anaungua pande zote mbili."

Bosi akazidi kuinama juu ya shuka.

"Lakini anayempika hawezi kuvumilia hata harufu yake, mama. Anajifunga kitambaa, machozi yanamtoka, na anapika. Hajakosa hata siku moja. Mimi siendi popote. Kaa na sisi wewe."

Bosi alilia. Alilia wazi, mbele ya wakunga na wagonjwa na wateja wake wawili watatu waliokuwa mle wodini, na hakujificha. Mama mzazi wa binti alimtazama, mtoto mikononi. Kisha akashusha begi lake sakafuni, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Dada," akasema, "huyo samaki unamfanyaje mpaka anaungua pande zote mbili?"

Bosi akajifuta uso kwa kiganja.

"Nifundishe," akasema.